Pini ya Kipande cha Saba

Kila mwaka, theluji ilipoanza kuyeyuka kwenye mawe ya ufukweni, Eldrid alikuwa na ratiba moja. Akitoka shule, alitupa mkoba wake kwenye kiti cha jikoni, akala mkate na jibini la kahawia akiwa amesimama, kisha akatoka mbio kumfuata bibi yake upande wa magharibi wa kisiwa.

Bibi Borghild alikuwa na wageni wa kuwaandalia. Wageni wenyewe walikuwa bata wa baharini. Hawakuwa wa kufugwa, walikuwa bata wa porini. Kila majira ya kuchipua walitoka majini wakaja kutaga katika vijumba vya mawe na mbao walivyojengewa na watu wa Teistvik, kijiji cha kisiwa hicho. Walipoangua na kuondoka na vifaranga, waliacha manyoya laini ndani ya viota, na manyoya hayo ndiyo yaliyojazwa kwenye mafarishi ya kisiwa kizima.

Alasiri moja ya Aprili Eldrid alikuwa amepiga magoti mbele ya kijumba kimoja, akipanga mwani mkavu.

"Usiushindilie hivyo," Bibi alimwambia. "Huyo ni bata, si gunia la viazi. Mtandikie kama unavyotaka kutandikiwa wewe."

"Mimi nikitandikiwa hivi, Bibi, sitaamka kwenda shule."

"Bata akikukuta humo utaamka tu. Ana mdomo kama koleo." Bibi alicheka, akajifunga vizuri kitambaa chake cha buluu. Alivaa kitambaa hicho hicho kila mwaka, kwa kuwa bata hawakupenda nguo ngeni, wala mbwa, wala kelele. "Mwaka jana walikuja themanini na saba. Sikumwita hata mmoja. Wanakuja kwa sababu wanatuamini, na mimi kazi yangu ni kushukuru na kuleta mwani."

Eldrid aliinamisha kichwa akaendelea kupanga mwani. Lile neno *wanatuamini* lilimchoma.

Jambo lenyewe lilikuwa limetokea wiki mbili kabla.

Mama yake Eldrid, Gunnvor, alikuwa nahodha wa mashua ya uvuvi iliyoitwa Havdis. Mbali baharini, ng'ambo ya pale ambapo jicho hufika, palikuwa na mtambo wa kuchimba mafuta. Kwa sababu hiyo mashua nne za kisiwa zilikuwa katika kikosi cha kuzuia mafuta yasifike pwani yakimwagika. Mara mbili kwa mwaka walifanya mazoezi ya kutandaza uzio unaoelea. Uzio huo ulikuwa kama mkufu mrefu wa maboya ya rangi ya chungwa, wenye pazia zito lililoning'inia chini ya maji. Ulikuwa na vipande kumi na viwili. Kila kipande kiliungana na kinachofuata kwa ndoano ya chuma, na ndoano ilifungwa kwa pini nene kama kidole gumba, ili isichomoke mawimbi yakivuta.

Baada ya kila zoezi uzio ulioshwa chumvi, ukakaguliwa, ukakunjwa tena ndani ya kontena pale gatini. Mwaka huo Mwalimu Sverre aliwaombea wanafunzi wake nafasi ya kusaidia. Kila mmoja alipewa kipande chake, brashi, na karatasi ya kujaza.

Mvua ilikuwa ya barafu. Vidole vilikufa ganzi. Eldrid alichomoa pini ya kipande cha saba ili aisugue, kama walivyoelekezwa. Ikamponyoka. Iligonga ubao mara moja, ikapita katikati ya mbao mbili za gati.

Chubwi!

Alichungulia kwenye mwanya. Maji yalikuwa meusi. Aligeuka kushoto na kulia, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Jostein, aliyekuwa na kipande cha nane, alikuwa amempa mgongo.

"We Eldrid, umelala?" Jostein aliita bila kugeuka. "Sisi tunakwenda kunywa chokoleti ya moto! Au unakisugua mpaka kiwe dhahabu?"

"Nimemaliza," Eldrid alijibu.

Aliirudisha ndoano mahali pake. Ilikaa vizuri kabisa, kana kwamba hakuna kilichopungua. Kwenye karatasi, penye maneno "Pini ipo na ni nzima," alitia alama ya ndiyo. Nitamwambia Mama jioni, alijiambia.

Jioni Mama aliingia, akamwekea mkono begani. "Nimeziona karatasi zenu. Kazi safi. Nimejivunia binti yangu leo."

Baada ya maneno hayo Eldrid angeanzia wapi? Alijiambia atasema kesho. Kesho ikawa ngumu kuliko jana, na kesho kutwa ikawa ngumu zaidi. Mwisho alijituliza kwamba ndoano peke yake inatosha, na kwamba uzio ule hauendi popote ila kwenye mazoezi.

Kisha, Jumapili moja mwishoni mwa Aprili, habari zikafika. Kule mtamboni, bomba la mpira linalopakia mafuta kwenye meli lilikuwa limepasuka. Hakuna mtu aliyeumia, na vali zilifungwa mara moja, lakini mafuta mengi yalikwisha ingia baharini. Meli kubwa zilikuwa zikiyakusanya. Kisiwa kizima kilishinda kikisikiliza redio. Watu walisema upepo unayapeleka kaskazini, hayatafika. Eldrid aliyashika maneno hayo kama mtu anayeshika kamba. Hayatafika. Lakini usingizi wake uliharibika, na chakula akawa anakiacha nusu.

Jumatano upepo ukageuka.

Walikuwa kwenye somo la hesabu simu ya Mwalimu Sverre ilipoita. Alisikiliza, akaiweka mezani polepole.

"Sikilizeni," alisema. "Fungu moja la mafuta limeziponyoka zile meli, na linakuja huku. Litafika alasiri. Mashua zetu zinakwenda kufunga mlango wa ghuba."

Ghuba! Huko ndiko bata walikokuwa wamejikusanya, makundi kwa makundi, wakisubiri siku ya kupanda ufukweni. Bata akiloa mafuta, manyoya yake hayazuii tena baridi. Hilo kila mtoto wa Teistvik alilijua.

Eldrid alitazama dirishani. Havdis ilikuwa imekwisha ondoka gatini, na nyuma yake mkufu wa rangi ya chungwa ulikuwa ukiteleza majini, kipande baada ya kipande. Alijikuta amesimama.

"Mwalimu, naomba kusema nawe. Nje."

"Tumbo limeanza," Jostein alinong'ona, na wawili watatu wakacheka.

Kule ukumbini, katikati ya mabuti na makoti yaliyotundikwa, Eldrid aliyatoa maneno yote kwa pumzi moja. "Kipande cha saba hakina pini. Niliiangusha baharini siku ya kuosha. Niliandika ipo."

Mwalimu Sverre alichukua koti lake. Hakumuuliza kwa nini.

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Vaa viatu."

Njiani kuelekea bandarini, Mwalimu alijaribu simu ya Gunnvor mara tatu. Iliita tu. Nani angeisikia simu kwenye sitaha, injini ikinguruma? Walipofika waliingia katika ofisi ya bandari. Redio ilikuwa juu ya meza.

"Redio hii inasikika kwenye mashua zote nne," Mwalimu alisema. "Na nyumba nyingi hapa zimeifungulia leo. Ukitaka, nitasema mimi kwa niaba yako."

Kwa nusu dakika Eldrid alitamani sana kusema ndiyo. Lakini Mwalimu hakujua ni upande gani wa kipande, wala jinsi ndoano ilivyokaa. Akiulizwa, angebabaika, na muda ungepotea.

"Nitasema mwenyewe."

Alibonyeza kitufe. "Havdis, Havdis. Hapa ni... ni Eldrid, niko gatini."

Sauti ya mama yake ilitoka kwa ukali. "Eldrid? Leo si siku ya kuchezea redio, mwanangu. Ondoka hewani."

"Mama, kipande cha saba hakina pini. Ule mwisho unaoungana na cha nane. Niliiangusha majini siku ile ya kuosha, nikaandika ipo. Nilidanganya. Ni ndoano tu inayoshika."

Redio ilinyamaza, ikabaki kukwaruza. Eldrid alianza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu.

"Rudia," Mama alisema.

"Mwisho wa saba, mwanzo wa nane."

"Nimepata. Mashua zote, punguzeni mwendo. Mtu asivute. Nani ana pini ya akiba?"

"Ninayo moja kwenye sanduku la nanga," ilijibu sauti nzito ya Mzee Torgeir kutoka mashua nyingine. "Ina kutu, haifai kuonyeshwa wageni, lakini itashika. Naileta." Kisha akakohoa. "Na sasa, Gunnvor, kwa kuwa tumeanza kuungama... ile pampu yangu ya kufyonza. Chujio lake sikulisafisha baada ya zoezi. Niliandika nimesafisha."

"Torgeir!"

"Najua, najua. Nina miaka sitini na mbili, na nimezidiwa ushujaa na mtoto wa miaka kumi na mbili. Nipe dakika kumi. Nalisafisha sasa hivi, na nikimaliza mnaweza kunitukana mpaka usiku."

Mtu mmoja alicheka redioni, kicheko kifupi cha mtu mwenye wasiwasi. Kisha sauti ya Mama ikarudi, safari hii ya chini.

"Eldrid, bado upo?"

"Nipo."

"Asante. Nenda kwa Bibi ukamsaidie. Mwisho."

Eldrid aliweka chini kile kipaza sauti. Machozi yalikuwa yamekwisha mfika kidevuni. Mwalimu alimpa leso yake.

Alasiri hiyo Eldrid na bibi yake walisimama juu ya mwamba wenye kuitazama ghuba, wakipokezana darubini. Mwanzoni mafuta yalionekana kama kivuli cha wingu, ila wingu halikuwapo. Yalipokaribia yalikuwa ya hudhurungi, mazito kama uji ulioganda, na harufu yake ilipanda mpaka kichwa kikaanza kuuma.

"Turudi nyuma," Bibi aliamuru, akimvuta mkono. "Harufu hii si ya kuchezea. Kifua ni kimoja tu."

Kutoka kilima cha pili waliuona uzio ukijipinda. Mashua mbili zilizishika ncha zake, na mawimbi yakausukuma katikati mpaka ukawa kama upinde. Eldrid alivihesabu vipande. Pale kwenye saba na nane wimbi liliunyanyua uzio juu, likaubwaga. Bibi alimshika bega. Ukanyanyuliwa tena, ukabwagwa tena.

Ukashika.

Mafuta yalijaa kwenye tumbo la ule upinde, na pampu ya Mzee Torgeir ikayafyonza, saa baada ya saa, mpaka meli kubwa ilipofika kupokea kazi.

Si yote yaliyozuiwa. Ulimi mmoja wa mafuta ulipenya kwenye miamba ya kaskazini, ambako uzio haukufika. Kesho yake watu wazima waliofunzwa kazi hiyo walivaa nguo maalumu, glavu na barakoa, wakaanza kukwangua mawe. Watoto walikatazwa kugusa chochote.

"Hata nikiona bata ameloa?" Jostein aliuliza. "Nimkamate nimwoshe?"

"Hasa ukiona bata ameloa," Mwalimu Sverre alimjibu. "Ukimfukuza atajitosa baharini, na baridi itamuua. Mafuta nayo yanapenya kwenye ngozi yako. Simama mbali, weka alama mahali ulipo, piga simu. Wenye ujuzi watakuja na maboksi yao."

Kwa hiyo wanafunzi wakawa macho ya kisiwa. Waliona bata kumi na wanne walioloa. Wenye ujuzi wakaja wakawachukua. Tisa walipona, watano hawakupona. Bibi Borghild aliwalilia wale watano waziwazi, katikati ya jikoni, mwiko mkononi.

"Usilie, Bibi," Eldrid alimbembeleza. "Tisa wamepona."

"Niache nilie kwanza, kisha nishukuru. Moyo una nafasi ya vyote viwili."

Na vya kushukuru havikuwa vichache. Kutoka bara na visiwa jirani walikuja watu ambao Teistvik haikuwajua hata kwa jina. Walimu, mafundi bomba, timu nzima ya kandanda ya wanawake. Walikwangua mawe kwa siku kumi na tisa. Walipoambiwa kwamba karibu na vijumba vya bata haifai kupiga kelele, walifanya kazi wakiongea kwa ishara, na wengine waliziacha mashua zao mbali wakaja kwa makasia. Jioni Eldrid na wenzake waliwapelekea supu ya samaki. Mwanamume mmoja mwenye ndevu, aliyekuwa amechoka hadi anasinzia na kijiko mkononi, alimwambia, "Asante, binti." Eldrid hakujua amjibu nini. Ni sisi tunaopaswa kukushukuru wewe, aliwaza, kisha akaona heri alitamke kwa sauti, akalitamka. Yule mtu akatabasamu ndani ya ndevu zake.

Katikati ya Mei, asubuhi tulivu, bata wa kwanza alipanda ufukweni. Alitembea kwa kuyumbayumba, akasimama, akachungulia kijumba kimoja, akaingia. Bibi alimminya Eldrid mkono mpaka ukamuuma. Mwaka huo walikuja sabini na wanne.

Mwezi wa Juni watu waliitwa kwenye ukumbi wa kijiji. Kulikuwa na kahawa, na mikate myororo yenye umbo la moyo iliyookwa kwenye chuma. Mbele alisimama mwanamke mmoja wa makamo, jina lake Tordis, fundi kutoka ule mtambo. Hakuna aliyempigia makofi.

"Nimekuja kuomba radhi, kisha kushukuru," alianza. "Wiki mbili kabla bomba halijapasuka, niliona ufa juu yake. Mdogo, kama unywele. Zamu yangu ilikuwa imekwisha na helikopta ilikuwa ikinisubiri. Nikasema, mwenzangu ataandika. Yeye naye aliuona, akadhani nimekwisha andika mimi. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa watu wawili walionyamaza." Aliutazama ukumbi. "Siku hizi kwetu, anayeona kwanza ndiye anayeandika, na kazi inasimama mpaka mtu aangalie. Hatufokewi kwa kusema. Nimesimuliwa kwamba hapa kuna mtu aliyeisimamisha kazi kwa redio. Sitamtaja, nisimwaibishe. Nataka tu ajue kwamba kisa chake tunakisimulia mtamboni, na kwamba ninamshukuru."

"Asimtaje kwa nini, wakati wote tulimsikia?" Mzee Torgeir alipaza sauti kutoka nyuma. "Na mimi je? Chujio langu halisimuliwi?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na Tordis mwenyewe akacheka huku akifuta macho. Ndipo makofi yakapigwa.

Wakati wa kurudi nyumbani Eldrid alitembea na mama yake kwa njia ya ufukweni. Jua lilikuwa bado liko juu. Kulikuwa na swali alilolibeba tangu Aprili.

"Mama, siku ile kwenye redio ulinyamaza. Ulikuwa umekasirika?"

"Sana," Gunnvor alijibu. "Nilihesabu mpaka tatu nisikufokee mbele ya mashua nne. Na sikufichi, bado kuna kitu kinaniuma. Ulikaa na jambo lile wiki tatu, na siku tatu za mwisho mafuta yalikuwa yamekwisha mwagika. Ungechelewa nusu saa zaidi tu, tungekuwa tunasimulia habari nyingine."

Eldrid aliinamisha kichwa. "Nilitaka kukuambia siku ile ile. Kisha ukasema unajivunia."

"Hilo nalo nimelifikiria. Safari nyingine nitauliza kabla ya kusifu." Mama alisimama, akamgeuza binti yake wamtazamane. "Lakini nisikilize, Eldrid. Nimefanya kazi baharini miaka ishirini. Chuma kinakatika, kamba inaoza, na mtu mwenye vidole vya baridi anaangusha kitu. Hayo hayana mwisho. Tunachoweza kuzuia ni uongo juu yake. Ukiangusha, sema siku hiyo hiyo, wakati kurekebisha bado ni kazi ya dakika mbili. Ukichelewa, sema hivyo hivyo, hata kama mashua zote zinakusikiliza. Na siku moja mtu akija kwako kukuambia amekosea, mshukuru kwanza. Maswali yatafuata baadaye."

"Kama ulivyonifanyia wewe."

"Kama nilivyojitahidi."

"Asante, Mama."

Gunnvor alimkumbatia pale pale njiani, koti lake likinuka samaki na kahawa. Eldrid alivuta pumzi ndefu. Jioni hiyo alikula sahani mbili za chakula haraka haraka, na Bibi akamuuliza kama kuna mtu anayemkimbiza.